Mazalia ya mbu si nyasi

Kila ikifika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, maneno ni yale yale hapa Tanga mjini, kuanzia Makorora mpaka Chumbageni: "Tufyeke, tuondoe mazalia ya mbu." Watu wanafyeka kweli, uwanja unang'aa, na magharibi ikiingia mbu wako pale pale.

Mazalia ya mbu ni maji yaliyotuama ambamo mbu jike hutaga, mayai yakaanguliwa yakawa viluwiluwi. Basi. Kichakani mbu anakwenda kujificha jua tu, na hayo yanaitwa maficho. Fyekeni, hata nyoka atahama, lakini mbu hamjagusa anakotoka.

Kinachonikera zaidi ni nyongeza ya kauli hiyo, kwamba mbu huzaliana kwenye "maji machafu". Machafu kwa mbu yupi? Anofelesi, mwenye malaria, karo hana haja nalo. Yeye anatafuta vidimbwi vya masika vinavyopigwa jua, nyayo za ng'ombe, mifereji iliyochimbwa na matairi ya malori barabara ya udongo. Huku pwani wapo hata jamaa zake wanaozaliwa kwenye maji ya chumvichumvi karibu na mikoko. Wa maji machafu ni kuleksi: choo cha shimo kilichojaa maji, karo lenye mfuniko uliopasuka. Huyo ndiye anayetuimbia masikioni Ngamiani usiku kucha, na ni mmoja wa walioeneza minyoo ya matende na mabusha katika pwani hii.

Halafu kuna aedesi, mweusi mwenye madoa meupe, wa homa ya dengue. Anauma mchana, wakati chandarua kimefungwa fundo juu ya kitanda. Huyu hataki dimbwi wala karo, anataka chombo: tairi bovu, ndoo, jaba la maji ya kunywa lisilofunikwa, kifuu, dafu lililokwisha kunywewa likatupwa nyuma ya kibanda. Maji yenyewe yanaweza kuwa masafi kabisa. Mwaka 2019, dengue ilipoenea Dar es Salaam, Tanga nasi tulipata wagonjwa, na sidhani kama wote walikaa karibu na nyasi ndefu.

Tena mayai ya aedesi hayaelei. Hubandikwa kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na hustahimili ukavu kwa miezi. Ukimwaga maji bila kusugua ukuta, umeyaacha yakisubiri mvua. Na kwa joto letu, yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 10 hivi, kwa hiyo usafi wa mara moja kwa mwezi unamwachia nafasi ya kutosha. Vyombo ni vya kusuguliwa kila wiki.

Basi, ndugu zangu wa kamati ya mtaa, mkimaliza kufyeka semeni mmefyeka. Neno mazalia liwekeni kando kwanza, mpaka mtu apite nyuma ya nyumba achungulie ndani ya yale matairi.