Ukiwa mbele kwa magoli 30, ufanyeje?

Nafundisha mpira wa pete kwa wasichana hapa Tanga. Makocha wachanga huniuliza sana swali hili: timu yangu ikiwazidi wenzake mno, niwaambie wasichana wasifunge tena? Nawajibu, hapana. Jibu hilo nililipata kwa aibu.

Tulicheza mechi ya kirafiki na timu iliyotoka upande wa Muheza. Walifika na Kosta, wamechelewa, vizibao vyao, vile vya kifuani vyenye herufi za nafasi ya mchezaji, vimeshonwa kwa mkono kutokana na shuka. Robo mbili zilipoisha tulikuwa 24 kwa 1. Huruma ikanishika. Nikawaita wangu nikawaambia, "Basi, msifunge tena. Zungusheni mpira tu."

Wakazungusha. Pasi kumi, pasi kumi na tano. GS wetu, yaani mfungaji, anapokea mpira chini kabisa ya pete, anautazama wavu, anaurudisha nje. Watu waliozunguka uwanja wakaanza kuhesabu pasi kwa sauti, kisha wakaanza kucheka. GK wao, mlinzi wa pete, binti mdogo aliyekuwa anacheza peku, akaacha kuruka. Alisimama tu, ameshika pindo la kizibao, herufi zimemkunjamania kiganjani.

Mechi ilipoisha nilimwendea kocha wao, mtu mzima kwangu, nikamwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akasema taratibu: "Mwalimu, kufungwa tumezoea. Leo wanangu wamechezewa."

Neno hilo sijalisahau. Anayekufunga bado anakuona mpinzani. Anayekuzungushia mpira ili usiupate amekwisha kukutoa mchezoni, na watoto hulielewa hilo haraka kuliko sisi watu wazima.

Mchezo wenyewe umeumbwaje nalo ni jambo la kutazamwa. Katika mpira wa pete, kila baada ya goli mpira huanzia katikati, na masenta, wachezaji wa kati wa timu hizo mbili, hupokezana zamu ya kuuanzisha, hata awe amefunga nani. Kwa hiyo timu dhaifu ina uhakika wa kuanza nusu ya mipira yote. Linganisha na lakrosi, ule mchezo wa wenyeji wa Amerika Kaskazini unaochezwa kwa fimbo yenye kikapu cha wavu, ambao Uganda ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuupeleka kwenye kombe la dunia, mwaka 2014 huko Denver. Kwa wanaume, baada ya goli wachezaji wawili huinama katikati ya uwanja na kuugombea mpira upya. Ukiwa na mtu hodari wa kuugombea, unaweza kufunga, ukauchukua tena, ukafunga tena, mwenzako hajaugusa. Ndiyo maana kwenye lakrosi ya wavulana wa sekondari Marekani, tofauti ikifika magoli 12 katika nusu ya pili, saa haisimamishwi ovyo tena na mechi huisha upesi. Sisi hatuna kanuni hiyo, kwa hiyo kazi inabaki kwa kocha.

Mimi sasa hungoja mapumziko ya robo, kwa sababu hapo kanuni inaniruhusu kubadilisha wachezaji na nafasi zao. GS anavaa kizibao cha GK. GK anakwenda kufunga. Waliokaa benchi wote wanaingia. Na nawaambia wachezaji wapya wa mbele wapige kutoka ukingoni mwa duara, karibu mita 5 kutoka kwenye nguzo. Pete iko juu mita 3.05 na nyuma yake hakuna ubao wa kukusaidia kama kwenye mpira wa kikapu, kwa hiyo hayo ni mazoezi halisi na kila anayepiga anapiga kwa nia ya kufunga. Magoli hupungua yenyewe, na hakuna binti aliyeamriwa kujifanya hajui. Vigelegele navikataza tukishapita tofauti ya 20. Wazazi wengine hununa, nawaacha wanune.

Mashindano ya makundi ni habari nyingine. Timu zikilingana pointi na zikatenganishwa kwa tofauti ya magoli, siwezi kumlaumu kocha anayefunga mpaka filimbi ya mwisho, maana goli analoliacha leo laweza kumrudisha nyumbani kesho. Hapo wenye kosa ni waandaaji. Mwaka 2001 Australia iliifunga Samoa ya Marekani 31 kwa 0 katika kufuzu Kombe la Dunia la soka. Kipigo hicho kilichangia shirikisho la soka la Oceania kuweka raundi ya awali, timu ndogo zianze kwa kupambana zenyewe kwa zenyewe.

Kwetu hakuhitajiki hata raundi mpya. Tuandike kwenye kanuni kwamba tofauti inayohesabiwa kwenye msimamo haizidi magoli 15 kwa mechi, basi. Kikao cha kupanga ratiba kikiitwa, nitalipeleka, na yule kocha wa Muheza nimeshamwomba tukae pamoja siku hiyo.