Ujanja wa porini si mateso: kuruta, sema ukweli wa afya yako kabla ya kupanda Usambara

Kila mafunzo ya mgambo yanapofikia hatua ya ujanja wa porini, yaani mbinu za kuishi na kusonga msituni, wazazi huja kulalamika. Wapo wanaosema vijana wao wanateswa msituni. Wapo wanaouliza kwa nini kijana atakayelinda mtaa wake pale Chumbageni, mjini Tanga, apelekwe kulala kwenye milima ya Muheza. Mimi ni mganga ninayeongozana na makuruta hao, na naomba nijibu.

Mgambo si ulinzi wa mtaa pekee. Ni sehemu ya Jeshi la Akiba, lenye sheria yake, Sura ya 194, na kazi yake ni kuongeza nguvu za Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) taifa linapohitaji. Katika Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, wanamgambo waliacha majembe na mashine za viwandani wakaenda mstari wa mbele. Mtu anayeweza kuitwa hivyo lazima ajue kusoma ramani, kuvuka mto, kulala bila paa na kumbeba majeruhi kwenye mteremko wa matope. Kwata ya uwanjani haimfundishi hayo.

Sasa hili la mateso. Kinachoniogopesha mimi porini ni joto na ugonjwa uliofichwa. Makuruta wetu wengi ni bodaboda, wavuvi na wauza duka: alfajiri mazoezi, mchana kazi. Huku pwani, kuanzia Desemba hadi Machi, hewa ina unyevu mwingi hata jasho halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Mwili unahitaji wiki moja hadi mbili za mazoezi yanayoongezwa kidogo kidogo ili uzoee joto. Anayekosa mazoezi kwa wiki mbili, kisha akaja siku ya matembezi marefu ili tu jina lake lihesabiwe, huyo tunamrudisha. Asituletee mjumbe wa kumwombea. Nimelisema kila msimu na ninalirudia.

Kiharusi cha joto huanzia kichwani. Mwenzako anayumba, anajibu mambo yasiyoeleweka, au anagombana bila sababu. Joto la mwili limefika nyuzi 40 au zaidi. Usisubiri ngozi ikauke. Wengi huanguka bado wanatoka jasho. Kosa tunaloliona ni kumbeba mbio kuelekea kwenye gari. Poza kwanza, safirisha baadaye: mlaze kivulini, vua buti na shati, mmwagie maji mwili mzima mfululizo huku mkimpepea. Tunataka joto lishuke chini ya nyuzi 39 ndani ya nusu saa. Kama hajitambui, msimnyweshe kitu.

Maji nayo yana kipimo. Kunywa kidogo kidogo unapopata kiu, na ule chakula chenye chumvi. Kubugia lita nyingi kwa mkupuo hupunguza chumvi katika damu, na hilo pia huua.

Fomu ya afya isijazwe kwa kukisia. Andika pumu, kifafa, shinikizo la damu, ujauzito, malaria uliyougua majuzi na kila dawa unayotumia. Andika pia kama kwenu kuna selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Aliyerithi kinasaba kimoja tu huishi bila dalili, lakini akikimbizwa mlimani bila kupumzika misuli inaweza kuharibika ghafla. Tukijua, tunampangia mwendo wake. Na acheni kumeza diklofenaki, dawa ya maumivu, asubuhi ya matembezi ili magoti yasiume. Dawa hiyo, ukiongeza na upungufu wa maji, huumiza figo. Ukiona mkojo una rangi ya chai ya rangi, simama, mwite mkufunzi hapo hapo.

Fomu isomwe kabla ya kutiwa saini. Ukipata tatizo jipya baada ya kuijaza, usiikate kalamu wala kuomba mwenzako akujazie nyingine. Njoo mwenyewe kwa mganga, aandike badiliko, tarehe na saini, kisha mkufunzi wa platuni, kikosi chako kidogo, ajulishwe siku hiyo hiyo. Anayebainika kuficha ugonjwa huondolewa kwenye zoezi, hata kama tumeshafika juu.

Nyoka wapo, fira na kifutu hasa. Aliyeumwa atulizwe, kiungo kifungwe kwa ubao kisichezecheze, apelekwe hospitali. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza.

Kuna vikundi vinavyotaka kujipangia mazoezi vyenyewe, hata ndani ya mapango ya Amboni, vikiwa na nguo zinazofanana na za jeshi. Hapana. Mapango hayo ni ya chokaa, yana njia nyingi zenye giza, na huingiwa na mwongozaji. Kuvaa nguo hizo bila kibali nako ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 178 cha Kanuni ya Adhabu. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku 7 kwa raia kuzisalimisha. Kusema “nilinunua mtumbani” hakukuondolei kosa.

Mzazi anayetaka kujua hali ya mwanawe aulize mapema, kabla kombania, kikosi chenye platuni kadhaa, haijaondoka, na aje na karatasi za kliniki kama zipo. Mwenye inhela, kile kifaa cha kuvuta dawa ya pumu, aiweke kwenye mfuko wa shati, na ya pili amkabidhi mganga. Begi la mgongoni likibaki nyuma, inhela iliyomo ndani haitamsaidia.