Sumaku haivuti rangi jamani

Ukitaja tu unga wa sumaku wa kuondoa rangi za chakula kwenye maji, mtu anakujibu aah simpo, unatumbukiza sumaku rangi inafuata. Hapana. Rangi kama tatrazini, ile ya njano inayoandikwa E102 kwenye pakiti za pipi na juisi za unga, haina usumaku hata kidogo, ungeleta sumaku kubwa kuliko zote za bandarini isingesogea. Chenye usumaku ni magnetaiti, oksaidi nyeusi ya chuma, chembe zake nanomita 10 hivi, na nanomita 1 ni milimita moja umeigawa mara milioni. Kinachokamata rangi ni polima iliyopakwa juu yake, sumaku inakuja mwishoni kuzoa chembe na rangi vikiwa vimeshashikana.

Sasa kwenye polima ndo watu wanapotea kabisa, wakisikia hilo neno wanawaza mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku 2019, wanauliza unasafishaje maji kwa plastiki? Polima ni molekuli yoyote ya mnyororo mrefu, hata wanga wa ugali ni polima, na inayotumika sana kwenye kazi hii ni kitosani, inatokana na maganda ya kamba na kaa, maganda kama yale ya pale Feri, soko la samaki la Dar, na mi naona hapo ndo pa kuwekea akili. Maji yakiwa na asidi kidogo kitosani inabeba chaji chanya, tatrazini ikiyeyuka ina chaji hasi, zinavutana zenyewe. Ila kitosani tupu nayo inayeyuka kwenye asidi, kwahiyo wanaifunga minyororo yake kwa kemikali kwanza ndo iweze kudumu.

Kwahiyo anayekwambia inafaa kwa maji yoyote na rangi yoyote anakudanganya, pH ikipanda sana, yaani asidi ikiisha kwenye maji, ule mvuto unapungua, na rangi yenye chaji chanya inahitaji polima nyingine kabisa.

Kuchemsha je? Mvuke unaondoka rangi inabaki, tena inakolea. Shabu ni nzuri kwa tope, lakini hizi rangi zimeyeyuka, shabu ya kwenye ndoo haizimalizi. Na maji kuwa meupe sio kwamba yananyweka, vijidudu havina rangi.

Kosa kubwa kuliko yote ni kudhani rangi imeisha. Haijaisha, imehama tu kutoka kwenye maji kwenda kwenye unga. Unga unaoshwa kwa maji yenye kostiki soda rangi iachie, alafu unatumika tena, ingawa uwezo unashuka kidogo kidogo, na unabaki na maji machache yenye rangi nzito sana ambayo lazima yatibiwe peke yake. Kiwanda kikiyamwaga mtaroni yanaingia mto Msimbazi, yanapita Jangwani yanatokea baharini pale daraja la Salenda, na rangi ni ileile.