Unahamisha imeili za ofisi? MX iguse mwisho kabisa

Wengi wanaotupigia hapa kitengo cha TEHAMA wakitaka kuhama hosti ya imeili (kampuni inayotunza barua zao) wanaogopa yale masaa ya katikati, wanadhani barua zitakazotumwa muda huo ndo basi tena. Hapana jamani. Seva inayotuma ikikuta ya kwako haipatikani haiitupi barua, inaiweka foleni inajaribu tena na tena, kwa kawaida hata siku 4 au 5. Hatari yenyewe ni pale MX, ile rekodi ya domeini inayosema barua ziende seva ipi, imeshaelekezwa kwa hosti mpya alafu kule akaunti ya mhasibu haijafunguliwa, hapo seva mpya inajibu 550, yaani huyu mtu hayupo, na barua inamrudia mteja papo hapo. Kwa hiyo fungua kwanza akaunti zote kule unakokwenda, hata zile za info@ na mauzo@ ambazo hazina mwenyewe, hizo ndo zinasahaulika sana.

Alafu angalia TTL ya hiyo MX, yaani muda ambao seva nyingine zinaikumbuka kabla ya kuuliza tena. Ikiwa 86400, hizo ni sekunde, seva za watu zinaweza kuendelea kushika anwani ya zamani siku nzima, sasa ishushe iwe 300 kama siku 2 kabla, ukija kubadilisha, ndani ya dakika 5 seva nyingi zimeshaona. Barua za zamani zihamishe kwa IMAP, njia ya kusoma barua zikiwa zimebaki kwenye seva, programu ya imapsync inaifanya kazi hiyo vizuri tu, na baada ya kubadilisha iendeshe tena ikaokote zilizoingia kwa hosti wa zamani dakika za mwisho. Anayetumia POP3, njia inayoshusha barua kwenye kompyuta, mfuate mezani kwake, barua zake huenda ziko kwenye kompyuta yake tu.

SPF, rekodi inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la domeini yenu, iwe moja kwa domeini nzima, ukiweka mbili hata ile nzuri haihesabiki. DKIM ya hosti mpya, ile saini ya kidijitali inayothibitisha barua imetoka kwenu, iwashe siku hiyo hiyo, tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza masharti ya uthibitisho huo.

Na kama tovuti inabaki kwa hosti wa zamani, hapa sikilizeni vizuri, ile seva bado inajiona ndo mwenye domeini, mteja akijaza fomu ya mawasiliano ujumbe unatua kwenye akaunti ya zamani ambayo hakuna anayeifungua tena, hauonyeshi kosa lolote, unakaa tu humo. Ingia cPanel, ukurasa wa kusimamia hosti hiyo ya zamani, sehemu ya Email Routing, chagua Remote, kisha jaza fomu mwenyewe uone ujumbe umeingia wapi.