Python huitafuta wapi moduli unayoiita?

Mwanafunzi anaandika programu ya kurusha dadu na faili lake analiita random.py. Mstari wa kwanza ni import random, amri ya kuita moduli (faili la msimbo wa Python) ya namba za bahati nasibu; wa pili unaita random.randint(1, 6), yaani namba yoyote kuanzia 1 hadi 6. Akiiendesha, Python inamjibu kuwa moduli ya random haina randint. Anaifuta Python na kuisakinisha upya, lakini kosa liko palepale. Python yake ni nzima. Tatizo ni jina alilolipa faili.

Python inapokutana na import, huangalia kwanza sys.modules, yaani moduli zilizokwisha kupakiwa. Ndiyo maana ukihariri moduli huku Python ingali wazi, ukiandika import tena huoni mabadiliko. Isipoikuta humo, huangalia moduli zilizojengwa ndani ya Python yenyewe, kama sys. Baada ya hapo hupita folda zilizoorodheshwa kwenye sys.path, moja baada ya nyingine kuanzia juu. Ikipata jina linalolingana, inachukua hilo na kuacha kutafuta.

Sasa tazama mpangilio wa orodha hiyo. Kwa kawaida inaanza na folda lenye programu unayoiendesha. Zinafuata folda ulizozitaja katika PYTHONPATH, mpangilio wa kompyuta wa kuongeza folda za kutafutia, kama umeiweka, kisha maktaba sanifu inayokuja na Python, na mwisho site-packages, ambako pip, programu ya kusakinisha vifurushi vya Python, huweka vifurushi unavyopakua. Random ya mwanafunzi wetu iko juu ya random halisi, kwa hiyo faili linajiita lenyewe, na humo randint haimo. Abadilishe jina la faili, liwe dadu.py kwa mfano, na kazi imekwisha. Tangu toleo la 3.13, ujumbe wa kosa wenyewe unakushauri ubadilishe jina.

Ukishuku jambo la namna hii, andika print(random.__file__). Utaona njia kamili ya faili lililochukuliwa. Nawasihi walimu wa kompyuta wafundishe mstari huu katika wiki za mwanzo kabisa, kwa sababu unaokoa saa nyingi za kuhangaika.

Kuna na kosa jingine, ModuleNotFoundError, yaani moduli haikupatikana, linalomtokea mtu aliyesakinisha kifurushi kwa pip bila tatizo lolote. Mara nyingi kompyuta yake ina Python mbili au zaidi, kila moja na site-packages yake. Pip imeweka kifurushi kwa moja, programu inaendeshwa na nyingine. Tumia python -m pip install, ukifuatisha jina la kifurushi, ili kiende kwa Python ileile unayoiita kwa amri ya python. Kihariri cha msimbo nacho huchagua Python yake, kwa hiyo chapisha sys.executable, inayoonyesha ni Python ipi inayotumika, ukiwa ndani ya kihariri, kisha kwenye terminali, ulinganishe. Majibu yakitofautiana, nenda kwenye mipangilio ya kihariri ukachague Python iliyo sahihi.