Je, wajua kwa nini Waholanzi wanaendesha baiskeli sana? Sio kwa sababu nchi yao ni tambarare

Kwa miaka mingi mtu akiniuliza swali hili nilikuwa najibu haraka haraka: nchi ni tambarare, kuna baridi hutoki jasho, halafu ni utamaduni wao toka zamani. Nilikuwa nakosea, na naona wengi bado wanajibu hivyo hivyo, kwa hiyo ngoja tulichambue.

Tuanze na utambarare. Unasaidia, hilo halina ubishi, lakini Dar nayo sehemu kubwa ni tambarare, kutoka Kariakoo mpaka Buguruni hupandi mlima wowote, na bado ukimshauri mtu wa ofisini aende kazini kwa baiskeli atahisi unamtakia ajali. Shinyanga pia ni tambarare na kule baiskeli ni maisha ya kila siku, unakuta mama kakaa kwenye keria na kikapu chake cha sokoni, nyuma yao kijana anasukuma magunia ya mkaa (ingawa kule wengi wanaendesha kwa sababu nauli ni mzigo, tusichanganye mambo). Na Uholanzi kuna upepo wa kutoka baharini, ukikupiga usoni ni kama unapanda kilima kisichoisha. Jua je? Seville, Hispania, kiangazi joto linapita nyuzi 40, na kabla ya 2006 waendeshaji walikuwa wa kuhesabu, mji ukajenga kama kilomita 80 za njia zilizotengwa na magari, zote zimeungana, na ndani ya miaka michache waendeshaji wakaongezeka mara kadhaa.

Ila hili la utamaduni ndilo lililonishtua. Waholanzi walikuwa wanaiacha baiskeli! Baada ya Vita Kuu ya Pili hela ikaingia, watu wakanunua magari, miaka ya 50 na 60 mitaa mizima ikavunjwa kupisha barabara pana na viwanja vya kale vikageuzwa paking. Mwaka 1971 peke yake barabara ziliua watu zaidi ya 3,000, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi wakaingia mtaani, wakajiita Stop de Kindermoord, yaani komesheni mauaji ya watoto. Kabla hawajapoa ikaja shida ya mafuta ya 1973, serikali ikazuia magari siku za Jumapili, watu wakajikuta wanaendesha baiskeli katikati ya barabara kuu. Kipi kati ya hivyo kilichangia zaidi ni ngumu kupima maana vilikuja kwa mkupuo, lakini toka hapo mipango ya miji ikageuka, na leo zaidi ya robo ya safari zote kule ni za baiskeli.

Sasa walijenga nini hasa? Watu hutaja njia za baiskeli, lakini mimi kinachonivutia ni kona ya makutano.

Fikiria hapa kwetu. Uko kushoto kabisa mwa barabara, lori liko ubavuni kwako, taa inawaka kijani, wewe unanyoosha moja kwa moja na lori linakata kushoto. Dereva sio mbaya, ila uko nyuma ya bega lake, anakutafuta kwenye saidi mira huku anazungusha usukani, na tairi la nyuma linabana kona kuliko la mbele.

Waholanzi wanaweka kisiwa kidogo cha zege pale kwenye kona, na njia ya baiskeli inapinda kupita nyuma yake, inavuka barabara kama urefu wa gari moja kutoka kwenye kona. Ni kama kichochoro: mtu akikutokea ubavuni wakati unageuka lazima mgongane, lakini ukishamaliza kugeuka ukamkuta mbele yako, unampisha tu. Kile kisiwa kinamlazimisha dereva akate taratibu na kumaliza kona kwanza, akifika kwenye baiskeli gari limeshanyooka na mwendeshaji yuko mbele ya kioo kikubwa, uso kwa uso, tena pana nafasi ya gari kusimama bila kuziba walio nyuma. Hakuna anayetegemea huruma ya mwenzake, umbo la kona ndilo linalofanya kazi. Kwa lori refu kona hiyo peke yake haitoshi, hapo mara nyingi wanatenganisha na taa kabisa, baiskeli zinapita kwanza.

Kona ya hivyo ni zege, mawe ya ukingo na rangi. Karibu na shule anayosoma mwanangu ipo kona moja ambapo malori ya mchanga yanakata kushoto kila siku saa moja kasoro asubuhi, na watoto wenye baiskeli wanapita upande huo huo wa kushoto.