Tovuti mliyolipia haikuisha siku mliyolipa

Swali la wateja limekuja tena, kwa maneno yaleyale: "Tovuti haifunguki, na sisi si tulishalipia?" Mteja simlaumu. Nawalaumu mafundi wenzangu, wanaopokea malipo ya mwisho na kuondoka huku wakimwacha mtu akiamini amenunua kitu kimoja cha kudumu. Kilicholipiwa kikaisha ni kazi ya mikono tu. Jina la kikoa (anwani ya tovuti, inayoishia na .com au .co.tz), nafasi kwenye seva (kompyuta inayobeba tovuti), cheti (kinacholinda mawasiliano ya https) na masanduku ya barua pepe ni vya kukodi, na kila kimoja kina siku yake ya kuisha na jina la mtu aliyekisajili. Anayeshangaa kwa nini kazi nyingi za miaka kumi iliyopita hazionekani tena aanzie hapo kabla ya kuwasingizia wadukuzi.

Cheti nakipita haraka. Cha bure cha Let's Encrypt kinadumu siku 90 na hujihuisha chenyewe, ila kikoa kikielekezwa seva nyingine bila certbot, programu inayokihuisha, kuhamishwa, uhuishaji unakwama kimyakimya mpaka kivinjari kitoe onyo. Wanaonunua cheti na kukipachika kwa mkono waache: ukomo wa vyeti ulipangwa kushuka hadi siku 200 kuanzia 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia Machi 2027, na siku 47 kuanzia Machi 2029. Hakuna atakayeweza kwenda na kasi hiyo kwa mkono.

Seva nayo haikai ilivyokuwa. Kampuni ya hosti, inayokukodisha seva, hupandisha toleo la PHP, lugha inayoendesha tovuti nyingi, na haina budi: 5.6 iliacha kupata viraka vya usalama mwisho wa 2018, na 7.4 ikafuata Novemba 2022. Tovuti iliyoandikwa kwa mysql_connect, amri ya zamani ya kuunganisha hifadhidata, ilikufa siku seva yake ilipopanda PHP 7, kwa sababu ukoo mzima wa mysql_ uliondolewa. Iliyopona hapo lakini ikawa na amri nyingine za zamani, create_function au each, ilikufa kwenye 8.0. Mteja anaona ukurasa mweupe, anasema tumedukuliwa. Kama tovuti inaendeshwa na WordPress, washa mipangilio ya WP_DEBUG na WP_DEBUG_LOG kwenye faili la wp-config.php, fungua ukurasa tena, kisha soma debug.log ndani ya wp-content. Hitilafu ya mwisho itakutajia faili na namba ya mstari, na mara nyingi ni plagini (programu ndogo ya nyongeza) moja iliyotelekezwa na mtunzi wake. Badili jina la folda yake, tovuti inarudi.

Je, plagini ziachwe zijisasishe zenyewe? Vitabu vinasema ndiyo. Kwa tovuti isiyo na mtu wa kuiangalia nakubali. Kwa duka linalopokea malipo nasita, maana sasisho la usiku likivunja ukurasa wa kulipia, mwenye duka atagundua mauzo yakishalala. Lakini plagini iliyochakaa ndiyo mlango mkuu wa wadukuzi. Huu msimamo wangu unayumba, na sidhani kuna jibu moja.

Sasa kikoa, ambacho ndicho kinachonipandisha hasira. Tafuta jina la tovuti yako kwenye WHOIS, huduma ya wazi ya kuangalia usajili wa vikoa. Mara nyingine jina la mmiliki limefichwa, ila tarehe ya mwisho na wakala wa usajili vinaonekana. Ukishamjua wakala, uliza: akaunti imefunguliwa kwa barua pepe ya nani? Kama ni ya fundi, taarifa zote za kulipia zinaenda kwa fundi. Fundi akibadili kazi, akihama nchi au akiacha kutumia anwani ile, hakuna atakayekuonya. Siku ya kudai haki yako, wakala atamsikiliza aliyesajiliwa kama mmiliki, na risiti yako ya M-Pesa kwa fundi haina uzito mbele yake. Utaratibu sahihi ni mwepesi: mteja awe mmiliki, fundi awekwe kama mwasiliani wa kiufundi.

Kosa linalofuata ni la hila zaidi, nalo hufanywa na watu makini. Wanafungua akaunti ya kikoa kwa anwani ya info@ iliyo kwenye kikoa hichohicho. Kikoa kikiisha muda, barua pepe zake zinakufa nacho. Unaomba kubadili nywila, kiungo kinatumwa kwenye sanduku lisilopokea tena. Tumia anwani iliyo nje ya kikoa, inayofunguliwa na watu wawili angalau.

Na hizo siku za neema ambazo kila mtu anazitaja? Kwa .com, baada ya tarehe kupita wakala anaweza kukushikilia hadi siku 45, lakini halazimiki kukupa zote. Kikishafutwa kinaingia siku 30 za kukombolewa, ambapo utalipa ada ya ziada inayouma, kisha siku 5 za kusubiri kufutika kabisa. Baada ya hapo ni cha atakayewahi. Vikoa vya .tz na .ke vina kanuni za wasajili wao, kwa hiyo usizibebe hesabu za .com kwenda kwenye .co.tz.

Ukiamua kuhamisha tovuti, usibadili nameserver (seva inayotunza rekodi za kikoa) kabla ya kunakili rekodi zote. Hapa ndipo barua za kampuni nzima hupotea: tovuti inafunguka vizuri kwenye seva mpya, kila mtu anapongezana, kumbe rekodi ya MX, inayoelekeza barua pepe, imebaki kule kwa zamani. Nakili A (inayoelekeza tovuti), MX, na TXT za SPF na DKIM (zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli). Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai angalau mmoja kati ya uthibitisho huo, SPF au DKIM, hata kwa watumaji wadogo, na ukikosekana barua zako zinaishia kwenye taka au zinakataliwa. Shusha TTL, muda ambao seva nyingine hukumbuka rekodi ya zamani, hadi sekunde 300 siku moja kabla.

Miradi ya jumuiya, kama tovuti za waliosoma pamoja, kamusi za kujitolea na kumbukumbu za mtaa, ina maradhi hayohayo na moja zaidi: hazina yake ni maneno ya watu, yamo kwenye hifadhidata, na hayawezi kuandikwa upya. Hamisha data ya zamani ovyo na "ng’ombe" itatokea kama "ngâ€™ombe", kwa sababu baiti tatu za alama ile katika UTF-8, mfumo wa sasa wa kuandika herufi, zimesomwa kama herufi tatu za Windows-1252, mfumo wa zamani. Kama jedwali limejiandika latin1 (jina la MySQL, programu ya hifadhidata, kwa mfumo huo wa zamani) huku ndani mna UTF-8, toa data kwa amri ya mysqldump yenye --default-character-set=latin1 na --skip-set-charset, badilisha latin1 kuwa utf8mb4 (UTF-8 kamili ya MySQL) kwenye faili, ndipo uingize. Usitumie utf8 ya MySQL iliyozoeleka: inabeba baiti tatu tu, na kwenye seva isiyo kali ujumbe unakatwa pale emoji ya kwanza ilipo, na kilichofuata hakirudi.

Kubadili http kuwa https nako kusifanywe kwa kihariri cha maandishi. WordPress huhifadhi mipangilio pamoja na urefu wake, s:18 kwa mfano, yaani maandishi ya herufi 18. Ukiongeza herufi moja urefu unadanganya na wijeti (visanduku vya pembeni mwa ukurasa) zinatoweka. Amri ya wp search-replace, ya WP-CLI (zana ya amri ya WordPress), inarekebisha hesabu hiyo.

Mradi ukiwa umenyamaza na hakuna anayeandika tena, mimi huelekea kuugeuza kurasa tuli za HTML, zisizohitaji hifadhidata, kwa amri ya kunakili tovuti: wget --mirror --convert-links --adjust-extension, kisha kuizima PHP. Hakuna tena plagini ya kudukuliwa wala ya kusasishwa. Kinachonisumbua ni kwamba watu waliandika namba zao za simu na habari za familia zao humo wakijua wanazungumza na wenzao wachache, na ukurasa tuli ulio wazi haumpi mwandishi kitufe cha kufuta. Kwa hiyo kabla ya kunakili natafuta kila namba inayoanza na 07, 06, 255 au 254 na kuifunika, naacha anwani moja ya kuomba kuondolewa, na namtaka kiongozi wa kikundi ataje watu wawili watakaoisoma anwani hiyo na kulipia kikoa kila mwaka.